Gari Lisilokunywa Kawaida

Jirani yetu wa Mtaa wa Mchikichi aliigawa dunia mafungu mawili tu, kama petroli ya pampuni: super na kawaida. Mkate wa asubuhi ulikuwa super, wa jana kawaida. Imamu wa msikiti wake alisoma super, msaidizi wa imamu alisoma kawaida. Timu yake ya pale Jangwani ilipofunga, bao lilikuwa super hata kama mpira ulimgonga mtu mgongoni ukaingia wenyewe. Ilipofungwa, refa alikuwa kawaida. Mimi nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu pale Mlimani mtaa mzima ulinipongeza, naye akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akasema ubongo huenda ni super, ila hiyo suruali ni kawaida. Ilikuwa bugaluu yangu ya kwanza, na miguu yake ilifagia barabara. Picha bado ninayo. Alisema kweli.

Tulimwita Dereva. Jina alikuwa nalo, lakini alilitumia kwenye foleni ya duka la ushirika tu, karani alipoita. Hata mkewe alimwita Dereva. Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake sikuuliza, kwa sababu hakupenda watu wanaoanza habari ya mtu kwa babu yake. Alisema gari likikupita barabarani huulizi lilitengenezwa wapi, unauliza linakwenda wapi.

Gari lake, au tuseme gari alilokuwa nalo, lilikaa kwenye uchochoro kati ya nyumba yao na yetu, chini ya paa la mabati na turubai la kijani. Lilikuwa jekundu, la milango miwili, la Kiitaliano, fupi kiasi kwamba mtu akiingia ndani ungedhani anateremka kisimani. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashindano. Mlangoni palionekana bado alama hafifu ya duara, mahali ilipobandikwa namba wakati mwenye gari hasa alipokuwa akishindana nalo kwenye vumbi la Morogoro na Iringa.

Mchana Dereva aliendesha lori la shirika la umma, akibeba saruji na unga kutoka bandarini kwenda maghalani. Lori lilikunywa dizeli, na dizeli hakuihesabu kabisa katika mafungu yake. Dizeli haina cheo, alisema, dizeli ni jasho. Kufika kwenye hilo lori alipanda basi kama sisi wote, na siku basi lilipokataa kusimama tulimwona akilikimbilia na ndala mkononi. Watu wakacheka: mwenye gari la mbio kuliko yote Kariakoo ndiye huyo, anakimbia mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala alilifunua. Alilifuta kwa kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, akaliwasha, akasimama kando ameinamisha kichwa, akisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Injini ilikuwa na sauti ya chini, nene, yenye kiburi. Ilitetemesha vikombe kabatini kwetu, na mama yangu alikuwa akisema kwamba hiyo ndiyo adhana ya pili ya Ijumaa, ingawa yeye alikuwa Mlutheri. Kisha mkewe alitoka, mwanamke mfupi mwenye utani mkali, mwenyeji wa Bagamoyo, msukaji wa mikeka. Aliketi kando yake, akashusha kioo, akatoa kiwiko nje. Walizunguka Mnazi Mmoja mara moja, polepole, watu wakiwapungia mikono, wakarudi. Gari likafunikwa tena. Baada ya hapo Dereva alichukua kikapu akaenda kupanga foleni ya unga wa njano.

Hapo ndipo watu waliposhindwa kumwelewa. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na kushonwa upya. Chai alikunywa bila sukari, akasema sukari huharibu meno, na sukari ilipopatikana alitia nyingi mpaka kijiko kikasimama. Lakini gari halikupewa tone la petroli isiyokuwa super. Baba yangu, mtu wa Kilimanjaro aliyekuwa na duka dogo, na aliyeamini kwamba kitu kisichowekwa rafuni kiuzwe ni wazimu, alimwuliza mara nyingi kwa nini asiliuze. Dereva alimjibu kila mara kwa neno moja, akalisema kwa sauti ya kufunga mlango: amana.

Lilikuwa amana kweli. Tajiri wake, Mgiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge, aliondoka nchini mashamba yalipotaifishwa. Dereva ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege, katika gari hilo hilo. Pale mlangoni tajiri alimpa funguo, akamwambia maneno matatu kwa Kiswahili chake cha shambani: nitunzie, usilitie kawaida, nitarudi. La mwisho halikutimia. La kwanza ni neno ambalo mtu husema tu, kama vile kumwambia jirani akuangalizie nyumba. Dereva alilishika lile la katikati. Nadhani alilishika kwa sababu ndilo pekee lililokuwa mikononi mwake. Watu walipomwambia kwamba huyo Mgiriki amekufa zamani, au amenunua mengine manne huko aliko, alisema mwenye amana hafi mpaka uone kaburi lake.

Nami nilikuwa na maoni yangu, maana nilikuwa mwaka wa pili chuoni na hapakuwa na jambo nisilokuwa na maoni nalo. Jioni moja barazani, mbele ya wacheza karata, nilimweleza kwamba kuwa na petroli mbili kwenye pampu moja ni masalio ya ubepari. Nikasema katika nchi ya kijamaa inapaswa kuwapo petroli moja na foleni moja. Nikanukuu. Nikanyoosha kidole. Wacheza karata wakanipigia makofi, na mmoja akaiba karata wakati wenzake wakipiga makofi.

Dereva alisubiri mpaka kukatulia. "Umemaliza, msomi?"

"Nimemaliza, mzee."

"Basi nenda kaiambie injini. Mimi nimeshasikia."

Baadaye, tulipobaki wawili, alinieleza kwa upole zaidi. Injini ya mashindano, alisema, imebana mno. Ukiipa petroli isiyo na subira, petroli inawaka kabla ya kuitwa, na hapo unasikia injini inagonga, ko-ko-ko, kama mtu aliyefungiwa chooni. "Kawaida ni kama yule mgeni wa shughulini anayekula sahani haijafika chini," akasema. "Super husubiri bismillahi." Hakuwa mjinga wa kudhani super ni nguvu ya kila mtu. Aliwacheka wenye teksi waliotia super kwenye magari yaliyochoka. Alisema ni kumvalisha bibi kizee viatu vya mpira ukitegemea afunge bao.

Hayo aliyajua sawasawa. Lakini juu ya ujuzi huo alikuwa amejenga imani. Alisadiki kwamba kikombe kimoja cha kawaida kingeiharibu injini ile moja kwa moja, kama tone la najisi linavyoharibu mtungi mzima wa maji. Na imani yake haikupata mtu wa kuisahihisha, kwa sababu ya kiburi kingine, kiburi cha kazi. Yeye alikuwa dereva wa zamani, wa kofia na kaki iliyopigwa pasi, na madereva wa aina hiyo hawakufungua boneti. Kufungua boneti ni kazi ya fundi. Gari la tajiri lilipelekwa kwenye gereji kubwa ya wakala, akalipokea likiwa tayari, akasaini. Gereji ile ilipofungwa na mafundi wake kuondoka, yeye hakumpelekea mtu mwingine. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, waliolala chini ya magari na kula mihogo kwa mikono yenye oili, aliwasalimu kwa adabu zote lakini hakuwauliza kitu. Siku moja mmoja wao alidokeza kwamba angeweza kulitazama lile jekundu. Dereva akamjibu kwamba hata yeye halitazami, analiendesha tu.

Usidhani alikuwa mtu mgumu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama mmoja mnene muuza vitumbua, alimjia na malalamiko ya wananchi: wagonjwa wanabebwa migongoni na huku gari limelala chini ya turubai. Dereva alikubali mara moja. Mgonjwa yeyote wa nyumba kumi atapelekwa, alisema, ilimradi kuna super.

"Na isipokuwapo, ndugu?" balozi akauliza.

"Nitamsukuma kwa mkokoteni mwenyewe."

Tulicheka. Mvua zilizofuata balozi mwenyewe aliteleza uani akavunjika mguu, na super haikuwapo mjini. Dereva aliazima mkokoteni wa wachukuzi wa sokoni, akatandika magodoro mawili, akampakia, akamsukuma mpaka zahanati ya Mnazi Mmoja kupitia kila dimbwi la Kariakoo. Mshipa wa shingo ulimsimama. Balozi alirudi na plasta mguuni akatangaza kwamba hajawahi kubebwa super namna ile, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta malalamiko tena. Sote tulilichukua tukio hilo kama kichekesho. Mimi pia, na nililisimulia sana bwenini. Hatukuona kwamba mtu aliyeweza kumsukuma balozi mnene kwenye matope, na gari zima likiwa pale pale uchochoroni, alikuwa amekwisha tuonyesha atafanya nini siku nyingine.

Siku nyingine ilikuwa Jumapili.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuja mpwa wa mkewe, amepanda lori la nazi kutoka Bagamoyo, na habari kwamba mama yake mke wa Dereva yu taabani na anamwita binti yake. Binti huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki hai. Alfajiri walikwenda kutafuta basi. Lililokuwapo lilikuwa limeharibika na lingine halikuja. Wenye teksi walikataa, kwa kuwa ilikuwa miaka ile ambayo Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa barabarani ili kuokoa petroli, na hakuna aliyetaka kukwama Bagamoyo. Likabaki gari jekundu. Tangini mlikuwa na super ya kuzunguka Mnazi Mmoja tu.

Sasa, sikiliza. Pale sheli ya Msimbazi asubuhi hiyo kulikuwa na petroli. Hakukuwa hata na foleni, jambo ambalo lilikuwa muujiza. Lakini ilikuwa kawaida. Nilikuwa nyumbani mwisho wa juma ule, nami niliona yote kutoka kibarazani kwetu. Mkewe alikuwa amekwisha ingia garini. Alivaa buibui, kikapu amekipakata, mlango wa upande wake ameuacha wazi kwa sababu ya joto. Balozi alikuja na fimbo yake akamsihi Dereva. Baba yangu alimsihi. Mpwa alilia. Dereva alisimama na dumu mkononi, anatikisa kichwa. Alisema wakitia kawaida injini itakufa njiani, watakwama porini, na itakuwa hasara mbili, mama hajaonwa na amana imepotea. Alisema super ipo mjini, haiwezekani isiwepo, na yeye anajua pa kuipata. Kisha akainama mlangoni akamwambia mkewe, "Nisubiri hapo hapo. Narudi sasa hivi."

Mkewe hakubishana naye. Alisema tu, "Fanya haraka, Dereva."

Alikwenda kwa miguu. Alikwenda Kivukoni, akaenda Upanga, akavuka daraja la Selander mpaka kwenye nyumba za mabalozi wa nchi za nje, kule walikokuwa wakipewa super kwa ajili ya magari yao. Jua lilipanda. Mama yangu alimpelekea yule mwanamke chai, akaishika bila kuinywa. Alimpelekea mwavuli, akautumia. Watu waliokwenda kanisani na kurudi walimkuta ameketi vile vile, anatazama mbele kupitia kioo kana kwamba gari linakwenda. Mimi nilikuwa na kitabu mapajani. Nikifungua kitabu hicho leo nakumbuka ule mlango mwekundu ulio wazi, na si kitu kingine.

Dereva alirudi adhuhuri imepita, dumu limejaa begani, ndala moja imekatika. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo gumu kulisema: alikuwa akitabasamu. Mpishi wa ubalozi mmoja alimhurumia. Akamimina, akawasha, wakaondoka mbio, na sauti ile nene ikatetemesha vikombe vyetu. Lakini saa nane iliwakuta kabla hawajatoka mjini. Askari waliwasimamisha Mwenge. Dereva aliwaeleza, akawaonyesha kikapu, akawaonyesha mke. Askari mmoja alilizunguka lile gari jekundu akauliza kama ndivyo watu wanavyokwenda kuuguza siku hizi. Wakarudishwa.

Jumatatu waliondoka kabla hakujapambazuka. Walipofika walikuta kaburi limekwisha nyunyiziwa maji. Mama alifariki Jumapili adhuhuri, akazikwa jioni yake. Waliokuwapo walisema alikuwa na fahamu asubuhi yote, na kila gari lilipopita alikuwa akiuliza kama ndilo.

Kutoka Kariakoo hadi Bagamoyo asubuhi ile ya Jumapili, kwa kawaida, wangefika mapema, hata wangepumzika njiani. Kila mtu mtaani aliweza kupiga hesabu hiyo, na kila mtu aliipiga kimya kimya.

Sikuwahi kusikia ugomvi nyumbani mwao. Kuta zetu zilikuwa nyembamba. Nilijua ni lini wanakaanga dagaa na ni lini wanachemsha. Mkewe aliendelea kumtengea chakula, kumfulia, kumwuguza malaria. Aliendelea na utani wake kwa watu wengine. Kitu kimoja tu kilibadilika. Ijumaa ile ya kwanza Dereva alifunua turubai, akafuta, akawasha, akasubiri. Mkewe alikuwa ukumbini anasuka ukili. Hakutoka. Dereva alisubiri mpaka injini ikapata moto kuliko alivyopenda, akazima bila kuzunguka Mnazi Mmoja. Ijumaa iliyofuata alizunguka peke yake.

Baada ya muda mkewe alianza kuanika vitu juu ya turubai. Mwanzo ilikuwa pilipili. Halafu muhogo, halafu ukili uliotiwa rangi, ambao ulilitia turubai madoa ya zambarau. Na Dereva ni mtu ambaye zamani angetupa jiwe kwa kunguru aliyethubutu kutua pale. Sasa alirudi kazini, akaikuta mihogo ya mkewe imetandazwa juu ya gari la tajiri, akasimama akaitazama, na mvua ilipotishia akaianua mwenyewe.

Aliniambia mara moja tu juu ya Jumapili ile, na hakuanza yeye. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi huko huko Mlimani, nimeanza kuzoea kusikilizwa, nikamwuliza, kwa ile hekima ya kijinga, kama angerudi nyuma angefanya vilevile. Alifikiri kwa haki, kama mtu aliyeulizwa njia. Akasema hakuwa na la kuchagua. Lingekufa njiani, alisema. Kama lingeweza kufika, angelitia hata mkojo. Hapo nikaelewa alivyokuwa akiishi: alikuwa amemnyima mkewe mama yake, lakini alijua kwa yakini kwamba isingewezekana vingine. Juu ya yakini hiyo ndipo alipolaza kichwa kila siku.

Miaka ikapita. Duka la baba lilifungwa katika ile operesheni ya serikali ya kufunga maduka ya watu binafsi, likafunguliwa tena, likafungwa na baba mwenyewe. Nikahamia nyumba za chuo. Super iliadimika, kisha ikatoweka kabisa, ikawa kitu cha kusimuliwa kama sabuni za kunukia. Ndoto yangu ya petroli moja na foleni moja ilikuwa imetimia, nami nilisimama katika foleni hiyo mara nyingi nikiwa na wakati wa kutosha wa kuitafakari. Gari jekundu halikuwashwa tena ila mara chache, kwa kilichobaki ndani ya dumu.

Mara ya mwisho nilipokuwa naye siku nzima ilikuwa Buguruni, uani kwa fundi mmoja aliyekuwa akinisaidia kukifanya kigari changu kiendelee kujiita gari. Nilifika asubuhi nikalikuta lile jekundu katikati ya uwanja, na mafundi wamelizunguka kama bibi harusi. Dereva alikuwa kando, amevaa kaki yake ya zamani. Alikuwa amezeeka ghafla, kama wanaume wembamba wanavyozeeka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, msomi. Umenikuta nimekuja kuaibika."

Akanieleza. Mkewe alikuwa anaumwa moyo, miguu imevimba, na daktari hakuwa na maneno mengi. Juma lile mkewe alikuwa amemwambia kitu ambacho hakuwa amekitaja tangu siku ya kaburi: nipeleke kwa mama. Hakusema kwa gari gani. Basi asingeliweza kulipanda, na super haikuwapo duniani. Kwa hiyo Dereva alikuwa ameunguza tone la mwisho kufika Buguruni, kumwuliza fundi kama kuna namna yoyote, hata ya kuibomoa injini na kuijenga upya, hata ikichukua mwezi, ya kulifanya gari lile linywe kawaida.

Fundi, kijana mrefu aliyekuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira, alifungua boneti. Akainama, akachukua spana moja, akalegeza kitu, akakigeuza kidogo kwa mkono kama mtu anayefungua mfuniko wa chupa, akakaza. Akafunga boneti.

"Tayari, mzee."

Dereva alifikiri ametania. "Tayari nini?"

"Nimerudisha taimingi nyuma kidogo, cheche ichelewe. Tia kawaida uende. Usilikimbize tu. Ukisikia injini inagonga, punguza mwendo."

"Basi?"

"Basi."

Dereva alilitazama gari, akamtazama fundi, akaitazama spana. "Na zamani," aliuliza polepole, "zamani pia ingewezekana hivyo?"

Fundi alicheka bila ubaya. "Tangu lilipotoka kiwandani, mzee wangu."

Kulikuwa na tairi la lori limelazwa chini, Dereva akakaa juu yake. Fundi alifikiri ni jua, akamletea maji, akaenda zake. Mimi nilikaa karibu naye. Dereva hakulia. Mikono yake ilikuwa magotini, kiganja cha kulia kinageuka kidogo, kinarudi, kinageuka tena, kikiiga kile fundi alichokifanya.

Nilidhani tutaondoka. Hakuondoka. Gari lilikuwa tayari kabla ya saa nne, naye alikaa pale mpaka alasiri. Nilipomwuliza tunangoja nini, alisema hawezi kurudi nyumbani mapema hivyo. Mkewe angeuliza mbona haraka. "Wewe utamwambia ilikuwa kazi kubwa," akasema. "Mwambie wamefungua injini yote. Wewe anakuamini, wewe msomi." Tukakaa. Tulikula mihogo na mafundi, kwa mikono yenye oili. Mara ya kwanza maishani mwake, nadhani.

Tulitia kawaida pale sheli ya Buguruni. Alisimama mgongo ameielekezea pampu.

Mkewe alikuwa tayari, ameketi kizingitini amevaa buibui, kikapu pembeni, na ndani yake chupa ya marashi ya kumwagia kaburi. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza kama chuoni hawatupi chakula. Kisha akamtazama mumewe aliyekuwa akizungukazunguka gari bila sababu.

"Mmechelewa. Kazi ilikuwa kubwa?"

"Kubwa sana, mama," nikasema. "Wamefungua injini nzima."

"Mungu akusamehe, msomi," akasema bila kunitazama. "Ni kweli, Dereva?"

Yule mtu angeweza kunyamaza. Alisimama akashika mlango. "Ilikuwa spana moja," alisema. "Ilikuwa spana moja tu, mke wangu. Hata chai haikupoa."

Mtaani watu walipita na vikapu vyao. Mwanamke akapanga buibui lake magotini.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Niliporudi kutoka Bagamoyo, kabla ya arobaini ya mama, nilikwenda Gerezani nikamwuliza fundi. Nikamweleza gari lilivyo, nikamwuliza lingefika kwa kawaida? Akaniambia hivyo hivyo. Spana moja."

Dereva aliuachia mlango. "Miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili ufanye nini? Mama alikuwa amekwisha zikwa." Alinyoosha mkono ili anyanyuliwe, nasi tukamnyanyua, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Alikuwa mzito kwa maji ya ugonjwa. "Wewe ulikuwa bado unapata usingizi, Dereva. Mimi sikuwa napata. Nikaona, basi, mmoja wetu alale."

Tulimwingiza garini taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Nikampa kikapu akakipakata. Dereva alizunguka akaingia upande wake, akaushika ufunguo, asiwashe. Alikuwa akilia sasa, bila kujificha, uso ameuelekeza mbele. Mkewe alishusha kioo.

"Washa twende," alimwambia. "Na injini ikigonga, iache igonge."

Iligonga mpaka kona ya Msimbazi, nikiisikia. Hakupunguza mwendo.